Bashiri wa Pili Ameshaezeka

Kijiwe cha Ubao wa Tela kiko Sogea, Tunduma, pale foleni ya malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, inapopinda na madereva wakazima injini, wakijua hawatasogea kabla ya adhuhuri. Benchi lenyewe ni ubao wa nyuma wa tela lililopinduka zamani, umelazwa juu ya matairi. Eva huuza kahawa hapo, kahawa ya shambani kwao Mbozi, ambako wazee wake wameilima miaka yote na kuinywa hawainywi. Wateja wake wa kila asubuhi ni wanne. Kuna Bashiri, mbadilisha fedha, ambaye madereva wa Zambia wamembandika jina la Kwacha, fedha ya kwao. Kuna Gwakisa, fundi simu, au Netiweki, ambaye kibanda chake kiko hatua tano tu kutoka kwenye benchi. Kuna Abdul Kilometa, mwenye pikapu ya kukodi. Na kuna Yonathani, wakala wa forodha, anayeitwa Hati, kwa sababu hakuna jambo chini ya jua ambalo yeye haoni limekosewa hati. Hicho ndicho kijiwe kilichokaribia kuivunja ndoa ya Bashiri, kwa nia njema kabisa.

Mambo yalianza na mabati. Asubuhi moja ya baridi Bashiri alifungua simu kuangalia matokeo ya mpira, na kabla hajajua nani kafunga likachomoza tangazo la mabati ya rangi ya damu ya mzee, geji ishirini na nane. Akalifuta. Akahamia kwenye habari, mabati yakamfuata huko. Siku ya tatu yakaongezeka matangi ya maji. Wiki haijaisha, zikaja paneli za sola, na baada ya sola, vifaranga. Bashiri alikuwa mtu wa Kondoa, amekaa Tunduma miaka ishirini na moja katika vyumba vya kupanga, hajawahi kununua hata misumari, na kuku alimjua akiwa tayari kwenye sahani. Akaona ayapeleke hayo kijiweni.

Abdul Kilometa hakuhitaji hata kufikiri. Alisema simu zote zinasikiliza, hilo linajulikana, yeye mwenyewe aliwahi kulalamika mgongo ndani ya pikapu akiwa peke yake, na jioni akaletewa tangazo la godoro. Yonathani akamuunga mkono kwa methali, kama ilivyo desturi yake, na kama ilivyo desturi yake akaichomeka mahali isipoingia.

— Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Simu yako inasikia, Kwacha. Ndiyo maana tangu uinunue haijavunjika.

Gwakisa alisema huo ni ujinga, lakini kwa kuwa yeye ni mtu wa sayansi, akapendekeza jaribio. Watachagua kitu ambacho hakuna mtu wa Tunduma anakihitaji, wakiseme mbele ya simu asubuhi nzima, kisha wangoje. Baada ya mabishano marefu walichagua ngamia. Basi simu ikawekwa katikati ya benchi juu ya kitambaa cha Eva, na wanaume wanne wazima wakaanza kuzungumza ngamia. Walisifu nundu yake, wakabishana kuhusu maziwa yake, Abdul akaeleza ngamia anavyofungwa breki. Dereva mmoja wa Zambia aliyekuwa kwenye foleni alishuka, akasikiliza kwa heshima, mwishowe akamuuliza ba Kwacha, yaani bwana Kwacha, kama nyama yake anauza kwa kilo au lazima mtu achukue ngamia mzima.

Mchana Bashiri alifungua simu. Ngamia hakuonekana. Lilikuja tangi la maji, lita elfu mbili.

Gwakisa alisema hiyo ndiyo hoja yake, simu haikusikia kitu. Abdul akamtazama kwa huruma. Alisema simu imesikia vizuri mno, ndiyo maana imeleta tangi, kwani ngamia mwenye kiu atanyweshwa kwenye kikombe cha Eva?

Kesho yake Yonathani alikuja na nadharia yake mwenyewe, ameilalia usiku kucha. Alisema Tunduma simu inashika mnara wa Tanzania, ukipiga hatua kadhaa inashika mnara wa Nakonde, bila kugonga muhuri popote. Sasa, huko ng'ambo lazima yupo Bashiri mwingine. Huyo ndiye anayejenga. Matangazo yake yakifika mpakani yanachanganywa, kama mzigo unavyoandikwa jina moja ukaangukia ghala lisilo lake. Kesi za namna hiyo yeye ameshughulikia nyingi.

Hakuna aliyeiamini, na hakuna aliyeweza kuiacha. Tangu siku hiyo Bashiri akifika tu, kabla salamu haijaisha, waliuliza mwenzake amefikia wapi. Naye alifungua simu akawasomea. Bashiri wa Pili anaangalia madirisha ya aluminiamu. Bashiri wa Pili anatafuta mbegu ya mapapai. Walianza kumheshimu. Abdul alisema yule ni mwanaume wa mipango, haropoki. Yonathani akasema huenda mabati keshayapandisha, ameshaezeka, sasa yuko kwenye milango, na nyumba njema si mlango, kwa hiyo ana haki ya kununua wa bei nafuu. Bashiri alicheka pamoja nao, lakini ndani yake kitu kilianza kumwasha. Haikuwa raha kulinganishwa kila asubuhi na mtu ambaye hayupo, ukaonekana wewe ndiye usiyekuwepo.

Ndipo alipomwambia Gwakisa ayazime matangazo hayo.

Gwakisa aliifanya kazi hiyo hadharani, kama daktari mwenye wanafunzi. Kwanza aliipitia simu akakuta programu ya tochi imepewa ruhusa ya maikrofoni na ya majina yote ya watu.

— Tochi inataka maikrofoni ya nini, mzee wangu? Inamulika kwa kuongea?

Akainyang'anya ruhusa. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya mtandao, mahali palipoandikwa DNS ya faragha, akaandika jina refu lenye nukta nyingi. Aliwaeleza kwamba simu kabla ya kwenda popote huuliza njia. Ya Bashiri ilikuwa ikimuuliza mtu anayemjua kila mmoja, pamoja na wenye matangazo. Sasa amempa mwongoza njia mwingine, ambaye akiulizwa walipo wenye matangazo anasema hao hawajui, hajawahi kuwasikia. Aliongeza kwamba baadhi yatapenya, kwa sababu yapo yanayokaa nyumba moja na habari zenyewe, huwezi kumfukuza mmoja ukamwacha mwingine. Na akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka isikike mpaka kwenye malori, kwamba hiyo ni huduma ya bure kwa wana kijiwe tu.

Simu ikatulia. Bashiri alisoma matokeo ya mpira kuanzia juu mpaka chini bila kifaranga hata mmoja.

Ulikuwa utulivu mbaya. Siku ya kwanza kijiwe kilikunywa kahawa kikazungumza habari za dizeli. Siku ya pili Abdul aliuliza, kama mtu asiyejali, kama kuna lolote kutoka kwa yule bwana. Siku ya nne Bashiri mwenyewe, akiwa nyumbani amelala chali, mkewe Mwasiti akipumua pembeni, alijikuta akiwaza kama milango ilipatikana. Asubuhi alimpa Gwakisa simu, akamwambia, bila kumtazama usoni, afungue kidogo tu waone.

Walikusanyika wote, hata Eva aliacha birika. Matokeo ya mpira yakafunguka, na tangazo likachomoza pale pale. Kitanda cha mbao, mninga, futi tatu na nusu.

Hakuna aliyecheka mara moja. Gwakisa alisoma kipimo tena kwa sauti. Abdul alisema futi tatu na nusu ni kitanda cha mtu mmoja, na mwembamba. Yonathani alijaribu kuokoa hali akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake methali ikakaa mahali pake, jambo lililowashtua wote, yeye mwenyewe zaidi. Basi wakaanza kumsikitikia Bashiri wa Pili. Nyumba yote ile, sola, tangi, mapapai, halafu analala peke yake. Labda mke kamkimbia. Labda amefiwa. Abdul alisema mwanaume akishanunua kitanda cha futi tatu na nusu, huyo amekata tamaa na binadamu wote.

Eva ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameinama anasuuza vikombe, akasema bila kunyanyua kichwa:

— Netiweki, ile simu ya Mama Fauzia, zawadi ya Idi, uliiwasha kwa barua pepe ya nani?

Kila mtu alikumbuka. Bashiri alikuwa amemnunulia mkewe, huyo Mama Fauzia, simu mpya sikukuu ilipokwisha, Gwakisa akaiandaa pale pale kibandani huku akipiga soga, na kwa kuwa Mwasiti hakuwa na barua pepe, na foleni ya wateja ilikuwa ndefu, akaingiza ya Bashiri. Ilimchukua muda kulisema hilo kwa maneno yanayoeleweka. Simu mbili, jina moja. Kwa wenye matangazo, Bashiri na mkewe walikuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo Bashiri wa Pili alikuwa Mwasiti. Na mwenye kitanda alikuwa Mwasiti.

Bashiri alihisi ubao wa tela umeondoka chini yake. Aliona mke wake, mwanamke anayeuza mchele wa Msangano sokoni, anayemwamsha alfajiri kila siku kwa kumgusa bega, akiwa kwenye nyumba yenye sola na mapapai, amelala peke yake kwenye mninga, na usingizi mnono. Wenzake nao, waliokuwa na nadharia ya ngamia na nadharia ya mnara, hawakuwa na nadharia ya hili.

Kisha Gwakisa, kwa kutaka kurekebisha kosa lake, akaongeza kubwa zaidi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kama jina ni moja, basi kila alichowahi kukitafuta Mama Fauzia kimeandikwa, na siku na saa, na anaweza kukifungua hapo hapo. Alishanyoosha kidole. Abdul akasema fungua, mtu ajue moja. Yonathani akasema haki ya mwenye mzigo ni kuukagua.

— Ukifungua ya kwake, baba, ujue na ya kwako yamo humo humo, alisema Eva, akimgeukia Bashiri. Naye tangu Idi angeweza kuyasoma.

Bashiri alikumbuka aliyowahi kuiuliza simu hiyo. Alikumbuka rangi ya kupaka ndevu. Alikumbuka aliuliza kwa nini mwanaume akipita hamsini anaamka mara tatu usiku. Na kulikuwa na swali moja aliloliandika mwezi uliopita akiwa peke yake, akalifuta, akaliandika tena: mtu akikaa ugenini miaka mingi, je, kwao wanamsahau? Hakuna binadamu aliyewahi kumuuliza hilo. Aliwaza Mwasiti analiona. Aliwaza Kilometa analiona, likisomwa kwa sauti kijiweni.

Akamshika Gwakisa mkono, akaichukua simu yake, akaitia mfukoni. Alisema ana mdomo, atauliza. Akaondoka na kikombe chake kimebaki nusu, jambo ambalo Eva alisema hajawahi kuliona.

Mwasiti alikuwa uani anapepeta mchele. Bashiri alivuta kigoda akakaa karibu naye, na kwa kuwa alikuwa amejiandalia njiani maneno mengi yenye mzunguko, yote yakampotea likabaki moja.

— Mama Fauzia, kitanda cha futi tatu na nusu ni cha nani?

Ungo ulisimama hewani kidogo, halafu ukaendelea.

— Umekionea wapi?

— Kwenye simu yangu. Gwakisa alizichanganya, ya kwako na ya kwangu. Aliniambia naweza kufungua kila kitu chako nikasoma. Sikufungua.

Mwasiti aliuweka ungo chini. Alimtazama mumewe muda mrefu, kama mtu anayepima mpunga kwa macho kabla ya kutaja bei.

— Ni cha kwangu, Baba Fauzia.

Alimweleza yote bila kupandisha sauti. Kiwanja alikinunua Msangano, kwa wakulima wale wale anaowanunulia mpunga, watu wanaomwita dada. Alikuwa akijenga kidogo kidogo misimu miwili sasa, na kwenye simu alikuwa akiulizia bei tu, mabati, tangi, kitanda, ili mambo yasimkute hajajiandaa. Bashiri aliuliza kwa nini cha mtu mmoja.

— Kwa sababu wewe unaondoka. Tangu Fauzia yuko tumboni unaniambia mwakani tunarudi Kondoa. Fauzia sasa yuko chuo, Mbeya. Mimi nakujua, si mwongo, nikasema ipo siku ataondoka kweli. Kondoa sina mtu. Hapa nina wateja, nina majirani, kule bondeni nina wakulima wangu. Nikaona nijitafutie pa kulala ukishakwenda.

— Mbona hukuniambia?

— Nilikuambia mara mbili. Ulikuwa unaangalia matokeo ya mpira.

Kama Bashiri angegombezwa angejua afanye nini, angegomba na yeye. Lakini Mwasiti hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amemwamini tu, akapanga maisha yake kwa kufuata neno la mume, na neno lenyewe Bashiri alikuwa akilisema kama mtu anavyokohoa. Alijiuliza mara ya mwisho alikwenda Kondoa lini. Msiba wa baba yake. Watoto waliokuwa mlangoni walimwita mgeni wakamletea kiti.

Alikaa pale mpaka mchele ukaisha kupepetwa. Mwishowe aliuliza kama anaweza kuiona hiyo nyumba. Mwasiti alisema Jumapili anapeleka saruji, na kama anaweza kubeba, aje.

Saruji ilihitaji gari, gari lilikuwa la Abdul, na Abdul hajui kunyamaza. Basi Jumapili, ibada ya kwanza ilipokwisha, kijiwe kizima kilikuwa juu ya pikapu, Yonathani na tai yake ya kanisani, Gwakisa amekalia mfuko wa saruji, Eva amekumbatia birika. Walisema wameifuatilia nyumba hii tangu bati la kwanza, hawawezi kuachwa. Walitoka Tunduma wamevaa makoti, na kadiri barabara ilivyoteremka bondeni waliyavua moja moja, mpaka Msangano walifika na fulana.

Nyumba iliwavunja moyo. Walitarajia bati la damu ya mzee linalong'aa toka mbali, na walichokuta ni kuta za tofali za kuchoma zilizokaribia usawa wa lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, majani yameota sebuleni, mbuzi wa jirani amesimama chumbani. Hapakuwa na mlango wala tangi. Abdul alisema Bashiri wa Pili amewadanganya. Hata hivyo walijipatia kivuli, wakakalia rundo la tofali kwa mstari, Eva akamimina, na kwa dakika chache kijiwe kikawa kimehamia Msangano. Gwakisa alieleza wapi waya wa intaneti utapita. Yonathani alishauri jiko lihamishwe. Bashiri peke yake hakukaa. Alizunguka ndani ya kuta, akipapasa tofali kwa kiganja, akahesabu vyumba. Vilikuwa vitatu. Alidhani angekuta kimoja.

Fundi mjenzi, kijana wa hapo hapo Msangano aitwaye Ombeni, alishuka kwenye jukwaa akifuta mikono, akamsalimu Mwasiti, shikamoo mama, kisha akaangalia lile kundi kwenye tofali zake. Mwasiti alimtambulisha mmoja mmoja. Huyu ana gari. Huyu wa simu. Huyu wa forodha. Huyu dada ndiye wa kahawa.

— Na huyu mzee ni nani? aliuliza Ombeni, akimwonyesha Bashiri kwa mwiko.

Mwasiti aliinama akaanza kukung'uta vumbi kwenye pindo la kitenge chake, taratibu, upande huu, kisha upande huu. Alikuwa amemwachia ajibu mwenyewe. Bashiri aliwatazama wenzake. Watu walioweza kumzungumza ngamia asubuhi nzima walikuwa wanatazama ndani ya vikombe. Yonathani midomo ilimcheza, akitafuta methali, akaikosa. Jibu la kweli Bashiri alilijua, lakini ili alitamke ilibidi kwanza ajue anakaa wapi, Kondoa au hapa.

Alivua saa akaitia mfukoni, akakunja suruali, akachukua ndoo iliyokuwa karibu na mchanga, akauliza maji yako wapi.

Maji yalikuwa mtoni. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi. Mwanzoni Ombeni alimwambia tafadhali mzee, baada ya safari ya nne alimwambia leta, na baada ya ile ya saba alimkaripia kwa kumwaga njiani. Kijiwe kilitoa ushauri kuhusu namna ya kushika ndoo mpaka kahawa ikaisha, kisha kikalala. Alasiri, kozi ya mwisho, safu ya tofali iliyobaki kabla ya lenta, ilikuwa imefungwa upande mzima wa chumba kikubwa, na Bashiri alikuwa na saruji mpaka kwenye ndevu, zile zile alizotaka kuzipaka rangi. Mwasiti alimpelekea maji ya kunawa kwenye kopo. Alimmiminia yeye mwenyewe, mpaka kopo likaisha.

Wakati wanapanda gari, Ombeni alimfuata Mwasiti, akasema, kwa sauti ambayo hakujali nani anaisikia:

— Mama, hawa wengine usiniletee tena. Ila yule mzee wa ndoo, Jumapili ijayo aje.

Mwasiti alimtazama mumewe, aliyekuwa bado pale kwenye mchanga. Kitu kilimpita machoni, kicheko au karibu na kicheko.

— Nitamuuliza kama ana nafasi.

— Ninayo, alisema Bashiri, na akaigeuza ndoo kifudifudi juu ya tofali ili ikauke.